Mtoto akitaka kujenga gari, mzazi aanze na chasisi

Siku mtoto wa miaka 14 anapotangaza mezani kwamba anataka kujenga gari la michezo kwa mikono yake, wazazi wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Baadhi hucheka na kumwambia amalize kwanza zoezi la hisabati. Wengine hufurahi kupita kiasi, wakaanza kuulizia bei ya injini, rimu na usukani wa mashindano.

Wote wameruka hatua. Gari la kujengwa nyumbani halianzi na injini wala rangi. Linaanza na chasisi, yaani ile mifupa ya chuma inayobeba injini, magurudumu, viti na watu waliokaa juu yake. Rangi ikiharibika inapakwa upya. Injini ikigoma inabadilishwa. Chasisi ikikosewa, kila kitu kilichofungwa juu yake kimekosewa.

Ndani ya kazi hiyo lipo swali linalomhusu mzazi kuliko fundi. Mtoto amechomelea kiungo chake cha kwanza, amepiga picha, amewatumia marafiki. Kiungo hakifai. Nani atamwambia akikate?

Mvulana aliyesamehewa raga

Mchezo wa kujenga magari ya michezo nyumbani umeota mizizi mirefu Uingereza. Sababu mojawapo ni gari dogo lililoitwa Austin 7, lililotengenezwa kati ya mwaka 1922 na 1939. Bodi yake ilikaa juu ya chasisi inayojitegemea, hivyo mtu aliweza kuiondoa bodi, akabaki na mifupa na kuivalisha umbo analolitaka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Austin 7 zilizochakaa zilipatikana kwa bei ambayo hata kijana aliimudu.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Colin Chapman, mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha University College London. Mwaka 1948 alikamilisha gari lake la kwanza kutokana na Austin 7 kuukuu. Karakana yake ilikuwa gereji ya wazazi wa mpenzi wake, Hazel Williams. Mwaka 1952 Chapman alipoanzisha kampuni ya Lotus Engineering, mtaji wake ulikuwa pauni 25 alizokopa kwa huyohuyo Hazel, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Miaka 5 baadaye kampuni hiyo ilitoa Lotus Seven, gari la wazi la viti viwili lenye uzito wa takribani kilo 500, ambalo mteja aliweza kulinunua likiwa vipande na kuliunganisha mwenyewe nyumbani.

Mwingine alikuwa John Haynes. Akiwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya Sutton Valence, Kent, alimshawishi mwalimu mkuu amsamehe mchezo wa raga ili muda huo autumie kugeuza Austin 7 kuwa gari la michezo. Mwalimu alikubali. Kijana akalijenga gari, akaliuza kwa faida, kisha mwaka 1956 akachapisha kijitabu cha kuwaelekeza wenzake. Nakala 250 za kwanza ziliisha ndani ya siku 10. Kutokana na kijitabu hicho ilizaliwa kampuni ya Haynes, ambayo vitabu vyake vya ufundi vimelala kwenye gereji nyingi duniani, kurasa zikiwa na alama za vidole vyenye grisi.

Mwaka 1996 kampuni hiyohiyo ikachapisha kitabu cha mwalimu Ron Champion, kikieleza jinsi ya kujenga gari la michezo kwa pauni 250 tu. Gari hilo lilifuata mtindo wa Lotus Seven, na wajenzi wakalipa jina la Locost, mchezo wa maneno wenye maana ya gharama nafuu. Champion hakutegemea chasisi ya zamani. Alitoa michoro na vipimo ili msomaji aunde chasisi yake kutoka bomba la kwanza, kisha aivalishe vyuma vya Ford Escort iliyochoka.

Katika visa hivi vyote kuna mtu mzima aliyetoa nafasi: gereji, ruhusa, pauni chache au karakana. Hakuna anayesimuliwa kuwa alishika mashine ya kuchomelea kwa niaba ya kijana.

Somo la vijiti vya mishikaki

Magari mengi ya leo hayana chasisi ya kutenganishwa. Bodi yenyewe ndiyo chasisi: sakafu, nguzo na paa vimeunganishwa viwandani vikawa kitu kimoja kinachobeba uzito wote. Ndiyo maana kukata paa la gari la kawaida ili "liwe la spoti" ni hatari. Kinachokatwa si kofia, ni sehemu ya uti wa mgongo.

Chasisi ya mtindo wa Lotus Seven ni kitu kingine. Ni kama kizimba kilichoundwa kwa mabomba membamba ya mraba. Katika Locost, bomba la kawaida ni la chuma laini lenye upana wa milimita 25 na unene wa ukuta wa takribani milimita 1.6. Mgeni akilishika anashangaa: kitu chembamba hivi kitabeba watu wawili kwa kasi ya barabara kuu?

Jibu lake mtoto anaweza kulipata jikoni, bila shilingi ya ziada. Achukue vijiti vinne vya mishikaki, avifunge ncha kwa nyuzi viwe mraba, kisha asukume kona moja. Mraba unalala kama boksi lililokanyagwa. Sasa aongeze kijiti cha tano, kutoka kona moja hadi ya pili yake kwa mshazari. Asukume tena. Haulali, kwa sababu mraba umegeuka pembetatu mbili, na pembetatu haibadili umbo mpaka kijiti kivunjike au kifundo kiachie.

Hiyo ndiyo siri ya chasisi nzima. Nguvu haitoki kwenye unene wa chuma, inatoka kwenye mpangilio. Mtoto akilielewa hilo kwa vijiti, hatahitaji kukaripiwa pale atakapotaka kuondoa bomba la mshazari kwa sababu "linazuia njia ya rejeta". Atajua mwenyewe ameondoa kijiti cha tano.

Meza kwanza, moto baadaye

Kosa la wanaoanza ni kukimbilia kuwasha mashine. Wajenzi wazoefu hutumia siku za mwanzo kutengeneza meza: ubao mkubwa, mnene, ulionyooka na kulazwa sawa kwa pimamaji. Juu yake huchorwa mistari ya chasisi kwa ukubwa wake halisi, kisha hupigiliwa vibao vidogo pembeni mwa mistari ili mabomba yasitembee.

Meza ikipinda, chasisi itapinda. Hakuna fundi atakayeinyoosha baadaye kwa nyundo.

Mabomba hukatwa moja baada ya jingine, kila moja likijaribiwa mahali pake kabla ya kukata linalofuata. Nafasi kati ya bomba na bomba inatakiwa iwe ndogo sana. Ukiona mtu anajaza pengo kubwa kwa kumwaga weldi, ujue msumeno ulikosea na moto unaombwa ufiche.

Kisha hufuata kuchomelea kwa nukta: kigingi kidogo cha moto hapa, kingine pale, vya kutosha kushika tu. Chasisi yote hushikizwa hivyo kwanza. Nukta moja inakatika kwa grenda ndani ya dakika. Kiungo kilichozungushiwa weldi pande zote kinakula nusu siku, na mara nyingine bomba lenyewe linakwenda nacho.

Hapo ndipo kipimo muhimu kuliko vyote hufanyika, na kinahitaji watu wawili. Mmoja anashika futi kona ya mbele kushoto, mwingine anaivuta hadi kona ya nyuma kulia. Wanaandika. Wanarudia kwa kona mbili zilizobaki. Namba zikilingana, pande za chasisi ziko sawa. Zikitofautiana, fremu imekwenda upande kama kitanda kilichosukumwa, hata kama kwa macho inaonekana imenyooka.

"Baba, si imeshika lakini?"

"Imeshika mwanangu, ila haijanyooka. Pima tena, mimi nashika huku."

Mazungumzo hayo ni mafupi, na ndiyo malezi yenyewe. Mzazi hakusema mtoto ni mzembe. Futi ndiyo iliyosema, na futi haina kinyongo.

Hata vipimo vinapolingana, kazi haijaisha, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka na kikipoa hujikunyata. Weldi ikipoa huvuta bomba upande wake. Anayemaliza upande wote wa kulia ndipo aende kushoto atakuta chasisi imepinda kama ndizi. Hivyo huchomelea kiungo kimoja kulia, kingine kushoto, mbele kidogo, nyuma kidogo, huku akiacha chuma kipoe. Ni kazi ya kuvumilia, na kijana aliyezoea kila kitu kumfikia kwa kugusa kioo cha simu ataiona ndefu. Aachwe aione ndefu.

Miguu ya mtoto haisubiri

Kujenga kwa kufuata kitabu hakuna maana ya kukiamini kitabu kwa macho yaliyofumbwa. Baadhi ya vipimo katika toleo la mwanzo la Champion vilikuwa na makosa, na wajenzi waliyagundua kwa kukata mabomba yasiyofika mahali pake, kisha wakatahadharishana. Mtoto anapoona kwamba hata kilichochapishwa kinapimwa, anajifunza tabia itakayomfaa mbali na gereji.

Pia kuna suala la mwili. Gari la mtindo wa Seven ni jembamba, na mtu mrefu au mwenye mabega mapana hukaa ndani yake kama aliyefungwa kwenye furushi. Kwa sababu hiyo wajenzi wengi hurefusha au kupanua chasisi. Mwaka 2007 Haynes ilichapisha kitabu kingine, cha Chris Gibbs, chenye chasisi mpya inayopokea vyuma vya Ford Sierra badala ya Escort, kwani Escort za zamani zilikuwa zimeadimika.

Kwa familia, jambo hili lina uzito wake. Mradi wa namna hii huchukua miaka. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka 14 anaweza kufikia 17, umri wa kuruhusiwa kuendesha gari Uingereza, akiwa na miguu mingine kabisa. Ni busara kuacha nafasi: kiti cha kusogea, pedeli za kusogezwa, sehemu ya miguu iliyo pana kuliko inavyohitajika leo.

Lakini kupanua si suala la kuongeza sentimita 10 kila mahali na kuendelea. Chasisi ikiongezwa upana, mikono ya saspensheni, ekseli na mfumo wa usukani navyo vinaguswa. Sehemu ambazo mikono ya saspensheni inafungwa ndizo zinazoamua gurudumu lisimame vipi gari linapoingia kona au kupita shimo. Zikisogezwa kwa kukisia, gari litavuta upande au kuyumba dereva anapokanyaga breki. Anayetaka kubadili vipimo hivyo atafute michoro iliyokwisha kujengwa na kuendeshwa na wengine, au amlipe mhandisi aipitie. Kuuliza si ujinga.

Upendo haukagui weldi

Sasa swali la mwanzo. Weldi mbaya ina ujanja wake: inaweza kuonekana nzuri. Moto ukiwa mdogo, chuma hukaa juu ya kiungo kama nta, laini na ya kupendeza, bila kuingia ndani. Ikisagwa kwa grenda na kupakwa rangi, hakuna jicho litakaloijua. Itajulikana siku gari litakapopiga shimo.

Mzazi ndiye mkaguzi mbaya kuliko wote. Ameona mtoto akirudi kutoka shule na kwenda moja kwa moja gereji. Ameona alama za shule zikipanda kwa sababu ya ahadi ya kununuliwa mabomba. Anataka kusema "safi sana," na moyo wake unamwambia kiungo kimoja hakiwezi kuwa na neno. Kumbe kiungo hicho ndicho kinachoshika mkanda wa kiti cha mtoto huyohuyo.

Familia zinazofanikiwa huweka kanuni mapema, kabla hakijachomelewa kitu. Ya kwanza: mtoto afanye mazoezi kwenye vipande vya bomba lilelile, kisha vipande hivyo vikatwe katikati na kupigwa nyundo ili ionekane moto umeingia kiasi gani. Asiguse chasisi mpaka vipande vyake vigome kuachana. Ya pili: viungo vya saspensheni, usukani, breki na mikanda vichomelewe au vikaguliwe na fundi mwenye cheti, asiye ndugu wala rafiki wa nyumbani. Ya tatu: kisipakwe rangi kiungo ambacho mtu huyo hajakiona. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na rangi ni nguo.

Uingereza imeliweka hilo katika utaratibu wa serikali. Gari la kujengwa nyumbani halipati namba mpaka lipite ukaguzi uitwao IVA, unaofanywa na mkaguzi asiyeijua familia. Huangalia breki, taa, mikanda, usukani na mengine mengi. Huangalia hata kingo za nje zinazoweza kumkata mtu atakayegongwa: kona inayoweza kuguswa inatakiwa iwe imeviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Wajenzi wengi hurudishwa mara ya kwanza na orodha ya marekebisho. Kijana aliyekwisha kukata viungo vyake mwenyewe mara kadhaa huipokea orodha hiyo kama kazi ya Jumamosi. Aliyesifiwa kila siku huipokea kama tusi.

Macho, mapafu na ndala

Kwenye vibanda vingi vya kuchomelea mitaani, fundi huonekana amevaa miwani ya jua na ndala, watoto wakimzunguka kutazama cheche. Mzazi asiige. Mwanga wa weldi hubeba miale inayounguza jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yakiwaka kama yamemwagiwa mchanga. Miwani ya jua haitoshi; inahitajika ngao ya uso yenye kioo maalumu. Anayetazama naye anahitaji kinga hiyohiyo, au akae mbali nyuma ya kizuizi.

Nguo ziwe za pamba nzito, kwa sababu za nailoni huyeyuka zikashika ngozi. Viatu viwe vya kufunika mguu. Mabomba yenye mipako ya zinki yasichomelewe yakiwa hivyo, moshi wake huleta homa na kutetemeka. Milango iwe wazi na ndoo ya mchanga iwe karibu. Na tangi la petroli lisichomelewe kamwe nyumbani, hata likiwa tupu miezi, kwa kuwa mvuke uliobaki unatosha kulilipua.

Pesa, na mradi usioisha

Zile pauni 250 za Champion ziliwezekana kwa mtu mwenye zana, ujuzi na subira ya kuokoteza vyuma chakavu. Wajenzi wengi waliomfuata walitumia pesa nyingi zaidi. Mzazi apange kwa hatua: pesa ya meza na mabomba kwanza, ya saspensheni baada ya chasisi kupita ukaguzi wa fundi, na ya injini mwisho. Injini iliyonunuliwa mapema hukaa kona ya gereji ikidai haraka, na haraka haina baraka.

Chasisi nyingi za nyumbani haziwi magari. Mitihani inaingia, familia inahama, hamu inapoa. Mzazi aliyeona mradi mzima kama gari tu atasema pesa imepotea. Lakini kijana aliyeunda chasisi iliyonyooka ameshajua kusoma mchoro, kupima, kukata, kuchomelea na kukubali kukaguliwa. Huo ni ujuzi unaolipiwa mshahara.

Kwa familia ya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala ambayo gari zima ni mlima, somo hilohilo linapatikana kwenye fremu ndogo. Stuli ya chuma. Meza ya kusomea. Tela la kuvutwa na baiskeli. Mtoto wa kike au wa kiume apewe likizo moja kwa fundi anayeaminika wa kuchomelea, kwa makubaliano yanayojulikana na pande zote, na vifaa vya kujikinga anunuliwe na mzazi kabla ya siku ya kwanza. Wanaonogewa wana njia ya kuendelea. Vyuo vya ufundi kama VETA hufundisha fani hiyo.

Akileta stuli yake ya kwanza nyumbani, mzazi asianze na sifa wala lawama. Achukue futi, amwite mtoto ashike upande wa pili, wapime kona kwa kona. Namba zikilingana, sifa zitakuwa na uzito. Zisipolingana, grenda ipo, na kesho ni siku.